Maji Yakipungua, Wataalamu Huongezeka

Mwezi wa kumi, Bonde la Kilombero huwa na vitu viwili kwa wingi: vumbi, na ushauri wa uvuvi. Vumbi halina haja ya maelezo. Barabara ya Ifakara kwenda Mlimba inakuwa haijaonja mvua ya maana tangu masika yalipokatika, na kila lori la mpunga linalopita huinua kipande cha barabara na kuwagawia abiria wa bodaboda. Ushauri ndio wenye historia.

Masika mto Kilombero ukifurika, bonde zima ni maji. Samaki huuacha mto wao wakaingia mbugani, kwenye majani na majaruba ya mpunga, huko wakazaliana na kunenepa, na hakuna binadamu anayeweza kusimama mbele ya watu akadai kwamba anajua walipo. Kuanzia Juni maji yanarudi. Ifikapo Oktoba umebaki mkondo wenyewe na mabwawa machache yaliyoachwa njiani, na samaki wa bonde zima wamebanana humo. Hapo ndipo kila mwanamume aliyetimiza umri wa kupiga kura anajua samaki walipo, wanakula nini, saa ngapi, na kwa nini wewe hutawapata.

Mimi nimeoa Mngeta, kwa hiyo ushauri huo naupata kwa bei ya ndugu, yaani bure na kwa lazima.

Safari hii nilikwenda peke yangu, mke wangu akabaki Ifakara na watoto. Mwanamume akienda ukweni bila mkewe anakosa wa kumtetea. Sukari, majani ya chai, sabuni za mche na kitenge nilipeleka, lakini hivyo ni kiingilio tu. Jioni ile ile, tumekaa uani, shemeji yangu mkubwa alikumbusha, bila kuulizwa na mtu, kwamba mwanyumba wangu alipokuja mwaka jana alirudi kutoka mtoni na kambale ambaye mkia wake uliburuzika chini ya bodaboda hadi nyumbani. Kwa wasiojua, mwanyumba ni yule bwana aliyemwoa dada wa mkeo, na Mungu alimuumba ili wakwe wawe na mtu wa kukulinganisha naye.

"Yule alikuwa samaki," alisema mama mkwe. Hakuongeza neno.

Nikatangaza kwamba kesho nami nitakwenda mtoni. Kumbe nilikuwa nimefungua mkutano wa hadhara.

Niwe mkweli kuhusu ukoo huu: ni nyumba ya kambale, baba ana sharubu, mama ana sharubu, na watoto wana sharubu. Hakuna aliyekubali kuwa msikilizaji. Na huwezi kuwalaumu, maana mto wenyewe una hadhi yake. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani, kilomita za mraba 7,967, na maji yanayotoka humu ni zaidi ya nusu ya yale ambayo mbele ya safari yanaitwa Rufiji. Mengine, kabla ya kufika bondeni, yanapitishwa Kihansi kuzungusha mitambo ya megawati 180, ili mtu wa Sinza aweze kuchaji simu na kutazama video za watu wanaovua samaki kwingine.

Hizo video ndizo zilizonitangulia Mngeta. Kijana wa mwanyumba wangu, ambaye amemaliza kidato cha nne na sasa anasubiri matokeo ya maisha, alikuwa amewatazama sana wavuvi wa Minnesota, jimbo la Marekani linalojisifu kuwa na maziwa 10,000. Aliwazungumzia samaki wa huko kwa upendo wa mtu aliyecheza nao utotoni.

"Baba mdogo," aliniambia, "mwisho wa kiangazi maji yanajipanga tabaka. Juu ya moto, chini ya baridi, katikati kuna mpaka. Samaki mkubwa anakaa jirani na mpaka. Ukimtafuta juu unapoteza muda."

Anachosema ni kweli kabisa, kwa Minnesota. Kule mwezi wa nane jua limeshapasha maji ya juu kwa wiki nyingi, na maji ya moto kwa kuwa ni mepesi yanaelea juu ya ya baridi bila kuchanganyika. Kule chini kabisa oksijeni inaanza kuisha, juu kuna joto, basi samaki anabanwa katikati, na mvuvi mwenye akili anashusha mshipi hadi hapo. Hata huku kwetu, Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470 limejipanga hivyo mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina hewa ya kumtosha samaki. Lakini mto Kilombero mwezi wa kumi, sehemu nyingi unamfika mtu kiunoni, tena unakwenda. Ukitaka tabaka la chini unalikuta kwenye kifundo cha mguu.

Kijana hakukata tamaa. Alisema basi tutafute mahali penye kina, kivuli na ubaridi, kwa mfano pale maji ya Mto Mngeta, yaliyoshuka kutoka misitu ya Udzungwa yakiwa bado na baridi ya mlimani, yanapoingia kwenye mto mkubwa. Hilo nilikiri lina mantiki. Kina, kivuli, ubaridi. Yakumbuke hayo matatu, tutakutana nayo tena yakiwa na masikio.

Zana nilikuwa nazo. Kwenye duka moja la Kariakoo nilinunua fimbo ya kuvulia ya kukunjuka, yenye kigurudumu cha kuzungushia mshipi, pamoja na kisamaki cha plastiki chenye macho ya kumetameta na ndoano tatu tumboni. Muuzaji alinihakikishia kwamba samaki akikiona kile hana ujanja. Samaki wa wapi, hakusema.

Kabla giza halijaingia nilitaka kuizoesha mkono ile fimbo. Nikarusha. Kisamaki kiliruka vizuri, kikapita juu ya paa la jiko, kikashuka upande wa pili, na nilipozungusha nikahisi uzito. Shangwe ilinipanda. Nikazungusha zaidi. Ikatokea kwenye kona ya jiko kanga ya mama mkwe, imetoka kwenye kamba ya nguo, inakuja kwangu yenyewe.

Sijui kama kuna mila yoyote Afrika Mashariki inayoeleza mwanamume afanye nini kanga ya mama mkwe wake inapomfuata. Ukiacha kuzungusha, inabaki katikati ya uwanja watu wote wakiiona. Ukiendelea, inafika miguuni pako. Niliendelea polepole, kwa adabu. Ilipita mbele ya kuku, ikapita mbele ya shemeji zangu wawili, ikapita mbele ya Babu, yaani babu wa mke wangu, aliyekuwa kwenye kigoda chake, nao wote waliinamisha macho.

"Fimbo inavuta," alisema Babu.

Usiku mkutano uliendelea. Shemeji mkubwa, ambaye ni mtaalamu wa chambo, alisema minyoo ni ya watoto. Kambale anataka sabuni ya mche.

"Sabuni, shemeji?"

"Sabuni. Unakata kipande sawa na kidole gumba, unakichoma ndoanoni. Ina mafuta, harufu yake inatembea na maji. Kambale macho yake si kitu, anakula kwa pua na kwa sharubu."

Sikutaka kubisha, kwa sababu hata wavuvi wa Ziwa Viktoria huwatega kambale kwa sabuni, na kambale kweli hutafuta chakula gizani kwa kupapasa na kunusa. Kilichonikera ni kwamba sabuni aliyoanza kuikata ilikuwa ile niliyomletea mama yake zawadi. Shemeji mdogo, ambaye hana subira, akanong'ona kwamba dawa ni utupa. Unatwanga majani, unamwaga bwawani, samaki wanapanda wenyewe. Babu akamkemea hadi mbwa akaondoka. Utupa hauchagui, unaua mama na vifaranga vyake, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Babu hakuitaja sheria. Alisema tu kwamba mtu wa utupa hapewi mke, na kwa kuwa shemeji mdogo ndiyo kwanza anatafuta, mjadala ukafungwa.

Babu mwenyewe alikuwa mtegaji wa migono, enzi ambazo, kwa maelezo yake, samaki walikuwa wanapanga foleni. Yeye ananitania kwamba nilimwibia mke, yaani mjukuu wake, hivyo ushauri wake huja na riba. Lakini ndiye aliyeniambia mambo ambayo hayakuwemo kwenye simu ya kijana. Perege, alisema, usimsumbue kwa ndoano. Jike akishataga anayaokota mayai kinywani, anayaatamia humo, na hata vifaranga vikianguliwa hukimbilia humo humo. Muda wote huo hali. "Wewe unatupa chambo, mwenzio kinywa kimejaa watoto. Atakujibu nini?" Kambale ndiye wa ndoano, na saa zake ni za giza. Tena kambale ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama mimi na wewe. Anaweza kukaa nje ya maji kwa muda mrefu, na usiku wenye unyevu akajiburuza kutoka bwawa moja hadi jingine. Niliyaweka hayo kichwani pamoja na mambo mengine ya kusimulia nikirudi Ifakara.

Kisha kijana akaharibu hali ya hewa kwa kuuliza habari za yule samaki mwenye meno ya nje.

Huyu anastahili aya yake. Kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, inayolisha Kilombero upande wa juu, kuna samaki mkali mwenye mwili wa fedha na meno yanayoonekana hata amefunga mdomo. Wanasayansi walimwandika mwaka 1986 wakampa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae, na tangu wavuvi wa kitalii wamjue, wanatoka nchi za mbali kumfuata. Wanalipa dola nyingi, wanakaa kwenye mahema yenye vitanda, wanapambana naye kwa fimbo na vinyoya, wakimpata wanampiga picha. Halafu wanamrudisha.

"Wanamrudisha wapi?" aliuliza mama mkwe kutoka jikoni.

"Mtoni, bibi."

"Mzima?"

"Mzima."

Ukimya ulikuwa mzito. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa familia ile kuafikiana juu ya jambo lolote la uvuvi. Mama mkwe alitaka kujua kama samaki huyo ana kasoro. Shemeji alitaka kujua kama dola nazo zinarudishwa. Babu ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Alitafakari, akatema ugoro, akasema: "Ndiyo maana samaki wa siku hizi wajuaji. Wengine wameshawahi kuvuliwa."

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mimi na shemeji mkubwa kwenye bodaboda moja, kijana na simu yake kwenye nyingine. Mashimo ya barabara yaliifungua ile fimbo, ikakunjuka yenyewe mgongoni mwangu, na kila tulipompita mwenye baiskeli ilimgusa begani. Shemeji alikuwa na kazi ya kugeuka nyuma na kusema "kamwene, samahani" kwa nusu ya kata. Karibu na stesheni ya TAZARA tulisimama kununua maandazi. Mama mmoja aliyepanga samaki wake wa kubanika juu ya meza aliitazama fimbo, akanitazama mimi, akauliza tunakwenda wapi. Tukamweleza. Akatuuliza tunatumia nini. Shemeji akasema sabuni, kijana akasema kina.

"Mimi natumia elfu kumi," alisema yule mama, "na sijawahi kurudi mtupu."

Mtoni tulikodi mtumbwi pamoja na mwenyewe, kijana wa Kindamba, mpole, aliyesimama nyuma na pondo lake bila kutikisika, wakati sisi tuliokaa tulikuwa tunatikisika kwa niaba ya wote wanne. Wandamba wamelijua bonde hili, mpunga wake na samaki wake, kabla ya sisi wengine kushuka na mizigo yetu. Huyu alikuwa ndiye mtu pekee niliyekutana naye kwa siku zile ambaye hakunipa ushauri. Alisubiri aulizwe.

Kijana wetu alisimama, akanyoosha simu kuelekea kwenye kona moja ya mto ambako mti mkubwa ulikuwa umeinamia maji. Maji yalikuwa meusi, yametulia, yenye kina. "Pale!" alisema. "Kina, kivuli, ubaridi!"

Mwenye mtumbwi hakulisogeza pondo. "Pale pana mwenyewe," alisema.

"Mwenyewe nani? Mto wa serikali!"

Yale maji meusi yakatoa pumzi. Yakaota masikio mawili, yakayapepea, kisha yakatutazama. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho wavuvi wa Minnesota hawana sababu ya kukitaja: kiangazi maji yakipungua, viboko nao hubanana humo humo, na kila sifa ya mahali pazuri pa samaki ni sifa ya chumba cha kulala cha kiboko. Mamba naye ana vigezo hivyo hivyo, ila yeye haoni haja ya kuonyesha masikio.

Tulirudi nyuma kwa kasi ambayo sikujua mtumbwi wa gogo unayo. Shemeji alisali kwa sauti. Katika purukushani hiyo nilichomeka ile fimbo majini nikidhani ni kafi, na kisamaki cha plastiki, chenye macho ya kumetameta na ndoano tatu, kilinasa kwenye mzizi na kubaki huko hadi leo. Kama aliyosema muuzaji ni kweli, basi pale kwenye kona kuna samaki wengi wasio na ujanja, na wanalindwa vizuri.

Mchana kutwa hatukupata kitu. Mwenye mtumbwi alikuwa amesema hivyo alipoulizwa: jua likiwa utosini, maji yamepata moto, hewa ndani yake ni kidogo na samaki hana hamu. Alfajiri na magharibi ndiyo saa za kazi. Katikati ya hapo watu wenye akili wanalala, naye alilala. Sisi tulizunguka na ushauri. Tulijaribu minyoo, tukajaribu utumbo wa kuku, tukajaribu kukaa kimya, ambalo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Perege walionekana wakipanda juu kuvuta maji ya usoni, wakifungua na kufunga midomo kana kwamba nao wana la kusema.

Jua lilipozama wakaja mbu. Nawaheshimu mbu wa Kilombero, wana elimu. Tangu miaka ya 1950, Rudolf Geigy na wenzake kutoka Basel walipofungua maabara yao ndogo Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, mbu wa bonde hili wamehesabiwa, wamepimwa, wamechorwa, wamewekewa majina ya Kilatini. Pale Ifakara walibuni hata hema la kutegea mbu ambalo mtu analala ndani, salama nyuma ya wavu, akiwa yeye ndiye chambo. Nilipokuwa nimekaa kwenye mtumbwi ule, bila hema wala wavu, nilijiona natimiza nusu ya utafiti.

Tukaamua kwenda kukaa kwenye moshi wa moto wa mwenye mtumbwi, tukaziacha ndoano zenye sabuni zimefungwa kwenye kigingi ukingoni. Tuliporudi, giza limeshika, mshipi mmoja ulikuwa umekaza na kigingi kinainama. Mwenye mtumbwi aliuvuta kwa mikono miwili, taratibu, na akatoka kambale ambaye sitasema urefu wake, kwa sababu mwanyumba wangu anaweza kusoma haya. Nitasema tu kwamba ndoo haikumtosha akiwa amenyooka.

Njia nzima ya kurudi walikuwa wanagombana huyo samaki ni wa nani. Shemeji alisema ni sabuni iliyomvua. Kijana alisema palikuwa na kina. Tulipofika, Babu, ambaye hakuondoka kwenye kigoda chake siku nzima, alisema ni saa, na saa aliitoa yeye. Mimi nilisema sabuni niliinunua Ifakara kwa hela yangu. Hakuna aliyemtaja mwenye mtumbwi.

Mama mkwe alikuwa amelala. Tukakubaliana asiambiwe, asubuhi nimkabidhi samaki akiwa hai, kweupe, kijana apige picha, na picha itumwe kwa baba yake bila maelezo. Tulimweka kambale kwenye ndoo yenye maji, tukafunika kwa ungo, na juu ya ungo tukaweka tofali. Ndoo ikakaa barazani. Mimi nikaenda kulala kwenye chumba cha uani ambako wakwe wa kiume huhifadhiwa.

Saa nane usiku nikasikia tofali.

Ndoo ilikuwa imelala ubavu, maji yametapakaa sakafuni, na usiku huo kulikuwa na umande wa kutosha. Niliwasha tochi ya simu. Utelezi ulianzia kwenye ndoo, ukazunguka kiti cha Babu, ukapita kando ya viatu, ukaelekea moja kwa moja chini ya mlango wa mama mkwe. Mlango ule una nafasi ya vidole vinne chini. Ulikatwa masika fulani ulipovimba kwa unyevu na kugoma kufunga. Nilipiga magoti kuchungulia, nikaona mkia unamalizikia gizani.

Sasa nifikirie hali yangu. Chumba cha mama mkwe mwanamume haingii, hata kungekuwa na moto angeanza kwa kutuma mtoto. Shemeji mkubwa alikuwa amekwenda kwake. Shemeji mdogo hulala fofofo. Babu haamshwi. Nikasimama mbele ya mlango, nikakohoa.

"Hodi, mama."

Kimya.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mama. Mkweo. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Kuna... kuna mgeni ameingia chumbani kwako."

"Mgeni gani usiku huu?"

Nilitaka kumtuliza. Nilitaka pia kutunza siri ya asubuhi. Kati ya makusudi hayo mawili, kilichotoka kinywani ni hiki: "Usiogope, mama. Ana sharubu."

Nadhani neno lile lilipenya kuta mbili, kwa sababu aliyepiga kelele ya kwanza hakuwa mama mkwe. Alikuwa jirani. "Mwizi!" Nyumba ya tatu ikaitikia. Mbwa wakaitikia. Kwa muda mfupi uwanja ulijaa watu wenye mapanga na tochi, mwenyekiti wa kitongoji akiwa amevaa shati la ndani nje, na wote walinikuta mimi, mwanamume mzima, kwa magoti, mbele ya mlango wa mama mkwe wangu. Nilijaribu kueleza. Kila nilipofika kwenye sharubu watu walisogea hatua moja.

Ndani kulisikika kitu kikiburuzwa, kisha pigo moja zito, kisha jingine la uhakika. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe alikuwa amejifunga ile kanga yake yenye matundu matatu, mkono mmoja ameshika mchi wa kutwangia, mkono wa pili amemshika kambale kwenye matamvua, na mkia, naapa, ulikuwa unaburuza sakafuni.

"Mwizi yuko wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Huyu hapa," alisema mama mkwe.

Watu wakishakusanyika ukweni huwezi kuwarudisha na njaa. Moto uliwashwa saa hiyo hiyo, nazi zikakunwa, mchele ukachaguliwa kwa tochi. Kulipopambazuka kambale alikuwa ameshaliwa mpaka shavu, sehemu ambayo alipewa mwenyekiti kwa wadhifa wake. Kijana alikuwa amepiga picha moja tu, gizani, na kilichoonekana vizuri ni mchi.

Habari zilifika stesheni kabla ya maandazi. Kufikia saa nne asubuhi akina mama walikuwa wanakuja kumsalimu mama mkwe, wanakaa kwenye mkeka, wanaulizia vizuri. Mimi nilikuwa nimeketi karibu kabisa, nikingoja jina langu litajwe. Mama mkwe alinyoosha miguu, akaanza kuwafundisha.

"Kwanza uwe umelala," alisema. "Samaki hapendi fujo. Mlango uachie nafasi, si kubwa, vidole vinne vinatosha. Na usiwashe taa. Unamsikiliza tu."

Wenzake walitikisa vichwa. Hata Babu alisogeza kigoda chake apate kusikia. Shemeji mkubwa aliuliza, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kumwona nao, kama sakafu iwe ya saruji au ya udongo.

Mchana mwanyumba wangu alipiga simu. Hakunisalimia, hakuniuliza habari za safari.

"Mchi wenyewe," alisema, "ni wa mti gani?"